Maswali ya wasomaji: Kompyuta inachelewa, nani anamsubirisha nani?

Habari za huko mliko wapendwa. Mwezi huu meseji nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, ninunue nini ili kompyuta yangu ipone. Mi naomba kabla hujatoa hela tuulize kwanza nani ndani ya hilo boksi anawasubirisha wenzake, manake vile vifaa vinafanya kazi kwa kupokezana, mmoja akisuasua wote wanasimama hata kama wao ni wazima. Nimechukua maswali matano. La kwanza nimekaa nalo sana kwasababu linagusa wengi.

*

"Fundi habari ya kazi. Nina stationeri yangu hapa Ngaramtoni, nachapa na kutoa kopi. Kompyuta nilinunua yuzdi, ni Core i5, RAM GB 4, hadidiski GB 500. Asubuhi nikiiwasha naweza kufagia duka lote nikamaliza nikaanika na tangazo nje bado inazunguka tu. Wanafunzi wakija na flashi zao nikifungua Word na Chrome kwa pamoja inaganda, wanaondoka wanaenda kwa jirani. Mdogo wangu anasema ninunue prosesa ya i7. Nifanyeje?"
Mama wa stationeri, Ngaramtoni

Mama pole sana, na hiyo hela ya i7 ishikilie kwanza, naona kabisa prosesa yako haina kosa, yenyewe imekaa inasubiri kuletewa kazi.

Ngoja nikueleze kwa meza yangu ninayofanyia ufundi. Mikono yangu chukulia ndo prosesa, ndo inayofanya kazi yenyewe. Meza ndo RAM, kilichopo mezani nakifikia bila kunyanyuka. Stoo ya nyuma ndo hadidiski, huko vitu ni vingi na hata nikizima taa nikaenda kulala kesho navikuta palepale, wakati mezani kila jioni panafagiliwa peupe (RAM umeme ukikatika inasahau kila kitu, ndo mana ile barua ambayo hujaisevu inapotea yote). Sasa meza yangu inaenea laptopu mbili zilizofunguliwa pamoja na visahani vya skrubu. Ikija ya tatu inabidi moja niikusanye na skrubu zake niipeleke stoo, nirudi nifungue ile mpya, alafu mwenye ile ya kwanza anapiga simu yuko njiani naanza kuirudisha tena mezani. Jioni nimechoka na kazi haijaenda, hapo hata ungeniwekea mikono mingine yenye nguvu mara mbili bado ningeshinda natembea tu kwenda stoo na kurudi. Ninachohitaji ni meza kubwa, au stoo isogezwe karibu.

Na kompyuta yako ndo inavofanya hivohivo. Windows yenyewe, antivairasi, Word, Chrome na kurasa zake zote zinataka kukaa kwenye hizo GB 4, hazienei, kwahiyo Windows inachukua kipande cha kazi ambacho hujakigusa muda inakihamishia kwenye hadidiski, ukikigusa inakirudisha inatoa kingine, yani mchana kutwa ni kuhamisha tu. Na hadidiski ya kuzunguka ni taratibu kuliko watu wanavyodhani. RAM inatoa kitu kwa kama nanosekunde 100. Hadidiski inabidi mkono wake mdogo usogee alafu sahani izunguke mpaka pale penye hiyo data papite chini ya kichwa, hapo ni kama milisekunde 10, ambazo ni mara laki moja zaidi. Tuiweke hivi, kama kuchukua kitu kwenye RAM kungekuwa sekunde moja, mimi kunyoosha mkono nishike bisibisi, basi kwenye hadidiski kungekuwa zaidi ya siku nzima, sawa na kupanda basi kwenda Dar kuifuata hiyo bisibisi na kurudi nayo. SSD, ile stoo ya kisasa inayotunza vitu kwenye chipu, haina kinachozunguka ndani, yenyewe ingekuwa kama robo saa na ushee, unaenda duka la kona unarudi. Na prosesa ya GHz 3 inapiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde moja, maana yake kwenye kila hizo milisekunde 10 za kusubiri hadidiski, mapigo milioni 30 yamepita bila kazi. Ukiweka i7 hapo itasubiri vilevile.

Kesho asubuhi pima mwenyewe kabla hujaenda dukani. Iwashe, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda kwenye ile sehemu yenye grafu. Utaona CPU (ndo prosesa), Memory (ndo RAM) na Disk (ndo hadidiski) kila moja na asilimia zake. Fungua Word na Chrome kama siku zote alafu tulia uangalie. Ukikuta Disk imegota 100 na CPU inacheza 10 au 20 hivi, ushampata anayechelewesha. Memory nayo ikiwa 85 kupanda juu ujue meza imejaa.

Kwa unavyoeleza nina uhakika utakuta vyote viwili. Kama hela inatosha kitu kimoja anza na SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 zinatosha kabisa kwa kazi ya stationeri, inatumia waya za aina ileile ya hadidiski yako na kwenye madabodi (ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote) inaingia soketi ya aina ileile. Hadidiski nzuri inasoma kama MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika 500 na kidogo, lakini utakachokiona wewe ni kule kutafuta vifaili vidogo vidogo maelfu wakati Windows inaamka, hapo ndo dakika zinageuka sekunde. Mwambie fundi ahamishe Windows yako na kila kitu kwenda kwenye SSD, na ile hadidiski ya zamani aiache ndani uwe unatunzia kazi za wateja. Ukipata hela nyingine ongeza RAM zifike GB 8. Prosesa usiiguse.

Na hili la "ni i5" naomba niliseme kwasababu watu wengi wanaumia nalo. i5 ni jina la ukoo, muulize muuzaji ni ya kizazi cha ngapi. Tazama namba zinazofuata, i5-4570 ni kizazi cha 4, imetoka 2013, i3-8100 ni kizazi cha 8, ya 2017, na hiyo i3 ina kori 4 (yani sehemu nne za kufanyia kazi) kama mwenzake na inakimbia zaidi. Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi karibu zote kuanzia kizazi cha 8. Kwahiyo siku ukija kununua nyingine mama, soma namba yote.

*

"Shikamoo fundi. Niko kidato cha tano hapa Moshi, mjomba kanipa desktopu yake ya zamani. Nikiwasha feni zinazunguka na taa inawaka ila skrini nyeusi na inapiga bipi bipi bipi. Nikaambiwa ni RAM, nikanunua nyingine lakini haiingii, urefu ni uleule ila nikikandamiza inagoma. Niikandamize zaidi?"
Mwanafunzi, Pasua

Marahaba mdogo wangu, na tafadhali usiikandamize.

Anza kwa kuelewa kinachotokea ukibonyeza ile batani. Pawa saplai inaupokea umeme wa ukutani, volti 230 hivi, inaushusha kuwa volti 12, 5 na 3.3, ikiona umetulia inaipa madabodi ishara kwamba twende. Prosesa inaamka haijui kitu chochote, hata kwamba kuna skrini haijui, inaenda moja kwa moja kusoma BIOS, ile programu ya kuamshia kompyuta, kwenye chipu ndogo iliyopo kwenye madabodi. BIOS inaanza kuita mahudhurio, RAM upo, sehemu ya picha upo, kibodi upo, diski upo, na ikishampata diski ndo inamkabidhi kazi aanze kuingiza Windows kwenye RAM. Kompyuta yako imefika kwa RAM ikaita hakuna aliyeitikia. Kwakuwa skrini bado haijaamshwa haina njia nyingine ya kukwambia, ndo inapiga bipi. Mi nikisikia bipi nafurahi kwa kweli, manake prosesa na BIOS viko hai. Bipi hizo zinatofautiana kwa kila madabodi, tafuta kitabu chake usome mpangilio wake.

Sasa fanya hivi. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe, alafu shika chuma cha boksi ili mwili wako umwage ule umeme tuli. Fungua vile vikamatio vya pembeni mwa RAM, itoe ile ya zamani ya mjomba. Angalia ule ukingo wenye mistari ya dhahabu, kama imekaa miaka utaona imefubaa, ina kama ukungu. Chukua raba ya kufutia penseli, ile nyeupe laini, futa taratibu upande huu na upande ule mpaka ing'ae, pangusa mabaki yote na brashi kavu. Irudishe ukisikia kamatio limelia tak pande zote mbili. Kama zilikuwa mbili jaribu moja moja, alafu badilisha na soketi. Kwa uzoefu wangu nyingi zinaamka hapohapo.

Hiyo uliyonunua haiingii kwasababu ni ya aina nyingine. RAM nazo zina vizazi, DDR3 ina pini 240 na inatumia volti 1.5, DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, na lile pengo dogo la katikati wamelihamisha makusudi ili mtu asikosee. Ziweke sambamba hizo mbili mkononi utaona pengo halilingani. Irudishe dukani kabla pini hazijachubuka, na ukienda kubadilisha nenda na ile ya mjomba mfukoni.

*

"Fundi mambo. Kompyuta ya ofisini kwetu kila asubuhi inarudi mwaka wa zamani kabisa, nikifungua Google inasema muunganisho sio salama. Nimebadilisha bando, nimebadilisha modemu, bado."
Dada wa Usa River

Dada bando lako ni zima. Kwenye madabodi kuna betri ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3, kazi yake ni kuiweka saa ikitembea kompyuta ikiwa haina umeme. Imeisha. Tovuti nazo zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, brauza inalinganisha na saa yako, ikiona cheti hakijaanza inakataa. Nahisi pia huwa mnazima swichi ya ukutani kila jioni, ni tabia nzuri, ila hapo betri inabeba saa usiku kucha peke yake kwahiyo inaisha mapema. Nunua nyingine, iweke upande wenye maandishi juu, rekebisha saa, basi.

*

"Kaka nina kibanda cha kuingizia watu nyimbo na muvi hapa Boma Ng'ombe. Mashine yangu asubuhi inapiga kazi vizuri, ikifika saa sita saba mchana inaanza kuwa nzito alafu inazima yenyewe pwaa. Ukisubiri kidogo inawaka, baada ya dakika ishirini inazima tena. Fundi mmoja kasema ni pawa saplai, mwingine kasema Windows."
Kijana wa Boma

Mdogo wangu soma tena ulichoandika, jibu umelitoa mwenyewe. Asubuhi nzuri, mchana mbaya, ikipumzika inapona. Hilo ni joto.

Prosesa ikifanya kazi inachemka, juu yake kuna kile chuma chenye mapezi mengi membamba na feni inayopuliza katikati yake. Ikikaribia nyuzi 100 inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, hapo ndo unaiona nzito, na joto likizidi kupanda inajizima. Sasa wewe uko Boma na lile vumbi letu la udongo wa volkano, laini kama unga, linaingia kila mahali. Juzi nimefungua moja iliyotoka pande hizohizo, ile feni kuitoa tu nikakuta kati ya feni na mapezi kuna zulia, yani vumbi limeshikana na nywele na nyuzi za nguo limekuwa kama sufi, nikalibandua lote kwa kipande kimoja kwa kibano. Hewa ingepita wapi.

Itoe nje kabisa, chomoa umeme. Feni ishike na kidole isizunguke wakati unapuliza, zikizungushwa kwa nguvu ya upepo beringi zinakufa. Tumia pampu au blowa na brashi kavu ya rangi, usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Kama unaweza kunyanyua kile chuma cha mapezi utakuta chini kuna pesti ya kupitishia joto, ikiwa imekauka kama chokaa ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati alafu rudisha chuma ukaze skrubu kwa kupishanisha kona. Watu wanaipaka nene wakidhani ndo inapoza zaidi, kazi yake ni kujaza vitundu vidogo visivyoonekana kati ya vyuma viwili tu. Na hilo boksi litoe sakafuni, liweke juu ya kiti au meza, utaona tofauti ya vumbi ndani ya mwezi.

Yule aliyesema pawa saplai simlaumu, zipo zinazozima hivyo, ila hiyo mara nyingi ingekuzimia hata asubuhi ikiwa baridi unapoibebesha mzigo. Nami nakuomba usije kununua yoyote nyepesi kisa imeandikwa wati nyingi. Miaka ya mwanzo niliweka moja kwenye mashine yangu mwenyewe, ukiinyanyua ni kama boksi tupu, umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, ikaenda yenyewe, na madabodi, na hadidiski iliyokuwa na picha zote za msiba wa baba. Picha zile sikuzipata tena. Ile ndo sehemu inayolisha wengine wote, ikitapika wote wanakula.

*

"Habari fundi. Mimi ni mwongoza wageni wa mlima Kilimanjaro, natokea Marangu. Mwaka jana mgeni wangu alipanda na laptopu na hadidiski ya nje ya kutunzia picha. Kambi ya Mandara ilifanya kazi vizuri. Kambi ya Kibo akaichomeka ikalia tik tik tik ikagoma, laptopu nayo betri ikashuka ghafla. Alisema ni baridi. Sasa na mimi nataka kuanza kazi ya picha, ninunue vifaa gani vinavyoweza kupanda?"
Mwongoza wageni, Marangu

Kaka swali lako limenifurahisha, hili halijawahi kuniletea mtu. Baridi inahusika, ila kwa hadidiski mwenye kesi kubwa ni hewa.

Ndani ya hadidiski kuna sahani inazunguka, nyingi za kubebeka mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nanomita chache, kule ni padogo kiasi kwamba unywele wa mtu ukiuweka pale ni mlima. Kinachokifanya kielee ni hewa. Sahani ikizunguka inaburuta hewa, ile hewa inakinyanyua kichwa kama bawa la ndege. Ndo mana zile za kawaida zina kitundu kidogo chenye kichujio na maandishi ya kukataza usikizibe, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Watengenezaji wengi wanaandika mwisho wa kuitumia ni mita 3,048. Sasa wewe mwenyewe unazijua kambi zako, Mandara ni 2,720, hapo ilikuwa ndani ya mpaka, Horombo ni 3,720 imeshapita, Kibo ni zaidi ya 4,700, na kilele cha Uhuru kwenye 5,895 hewa imebaki karibu nusu ya ile ya baharini. Hewa ikiwa nyembamba kichwa kinashuka karibu mno na sahani, kinaweza kuikwaruza, na ile tik tik ni mkono unaotafuta njia unaikosa unarudi kuanza upya.

Ikiwa imezimwa haina shida kupanda, wengi wanaruhusu mita 12,000 na zaidi, vichwa vinakuwa vimepaki. Kwahiyo kama mgeni anayo mwambie aibebe ila asiiwashe mpaka mshuke.

Wewe nunua SSD ya nje, na laptopu yenye SSD ndani. Hazina sahani wala kichwa, kule juu hazijali. Feni ya laptopu nayo itapoza kidogo kuliko huku chini kwasababu hewa inayobeba joto ni nyembamba, kwahiyo kule fanya kukopi picha tu, kazi ya kuhariri video iache mpaka nyumbani.

Betri ndo baridi yenyewe. Lithiamu iliyomo ndani yake ikipoa inashindwa kutoa umeme wake wote, ikipata joto inarudi, haijafa. Usiku lala nayo ndani ya begi la kulalia, laptopu, pawa benki na betri za kamera, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, hapo ndo unaiharibu kweli. Na jambo moja wageni wengi hawalijui, ukitoka nje kwenye baridi kali ukaingia nayo kwenye kibanda chenye watu na chai inachemka, usiiwashe hapohapo, inatoa jasho ndani kama glasi ya maji ya friji. Iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ifanane na joto la humo, jasho litakaa juu ya plastiki, alafu ndo uifungue.